Mamlaka ya Sakafu Huru Yaingia Chumba Namba Nne

Nchi ya Utulivuni haipo, kwa hiyo msomaji asijisumbue kutafuta ubalozi wake ili akalalamike. Mimi nilifanya kazi huko miaka kumi na saba, karani wa Makao ya Wazee ya Pumziko la Taifa, na haya nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu na kuyaandika kwa mkono wangu. Katika nchi ile mambo hayo mawili hayakulazimika kufanana. Leo nitajitahidi yafanane.

Chumba namba nne kilikuwa na vitanda viwili na wanawake wawili waliochukiana.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Bi Sikudhani, aliyepikia shule ya bweni kwa miaka thelathini na ambaye maishani mwake hakuwahi kutupa kitu. Mpwa wake alimleta pamoja na ndoo tatu, makopo matupu ya maziwa, kigoda cha kukalia akioga, sufuria iliyotoboka, na mifuko ya nailoni iliyojaa mifuko ya nailoni. Vitu hivyo vilianzia chini ya kitanda chake, vikatambaa sakafuni, na kila wiki vikasogea hatua moja kuelekea kwa jirani.

Jirani alikuwa Bi Nambua, mkunga mstaafu. Alizalisha watoto wasio na idadi, na wa mwisho kumfikia alikuwa mtoto wa jicho, tena mapacha, mmoja kila upande. Aliona mwanga na vivuli, basi. Kitanda chake kilikuwa mlangoni na choo kilikuwa upande wa pili wa chumba, kwa hiyo kila alipobanwa na haja ilimbidi apite katikati ya mali za mwenzake, fimbo mkononi, huku ndoo zikilia kama ngoma.

"Sogeza madudu yako, we mwanamke!"

"Hayajakuita. Sogea wewe."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana kwa mwaka mzima na miezi minne.

Jumanne moja asubuhi Bi Nambua alikanyaga sufuria, akaenda chini kifudifudi. Goti lilivimba kama papai na mdomo ukapasuka. Bi Sikudhani alimtazama kutoka kitandani, akasema sufuria ile ilikuwa imekaa pale pale tangu Pasaka na haikumfuata mtu. Bi Nambua hakulia. Alikaa sakafuni, akapangusa damu kwa upindo wa kanga, akaniita.

"Karani, njoo na kalamu. Andika kwa wakubwa. Waambie nina haja ya mambo matatu. Huyu mwanamke apewe kabati, atoe vitu vyake njiani. Balbu ya humu ndani imeungua tangu mwaka jana, waweke nyingine. Na chooni waweke chuma cha ukutani, mtu ashike akiinuka. Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."

"Soma."

Nikasoma. Barua ilikuwa na mistari minne. Matroni Eufrazia, msimamizi wetu, aliipiga muhuri siku ile ile. Alikuwa mwanamke mwema na aliamini barua fupi hujibiwa haraka.

*

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, likiwa ndani ya gari.

Kumbe barua yetu ilikuwa imesafiri. Ilitoka wilayani ikaenda mkoani, ikatoka mkoani ikaenda wizarani, na kila ilipofika iliongezewa ukurasa, hadi ilipoingia kwenye Baraza la Mawaziri ikiwa na unene wa tofali. Mawaziri hawakuwa na muda wa kusoma mistari minne ya Bi Nambua, iliyokuwa chini kabisa. Walisoma kurasa za juu, wakashtuka kusikia kwamba sakafu za taifa zimevamiwa, na kwa kauli moja wakaunda Mamlaka ya Taifa ya Sakafu Huru. Kwa kifupi iliitwa MATASAHU.

Mkurugenzi Mkuu wa MATASAHU alikuwa Mheshimiwa Dakta Anselmi Tandaza. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, na udakta wake aliupata katika fani ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alituhutubia uani, wazee ishirini na watatu wakiwa wamesimamishwa juani, maana viti vilikuwa vimeondolewa kwa sababu za usalama.

"Wazee wetu!" alisema. "Tunu zetu! Adui wa taifa hili hayuko mpakani. Nimekwenda mpakani, nimemtafuta, hayupo. Adui yuko sakafuni! Yuko chini ya vitanda vyenu! Kuanzia leo natangaza vita, na katika vita hii sitamwonea huruma mtu yeyote, hata awe mzee kiasi gani!"

Tukapiga makofi. Bi Nambua, aliyekuwa amejiegemeza kwenye fimbo yake, aliuliza kwa sauti, "Balbu amekuja nayo?"

Matroni akamfinya.

*

Ukaguzi wa chumba namba nne ulifanywa na Mkaguzi Filimoni Ngeta, kijana mwenye futi ya chuma mkononi na filimbi shingoni. Aliingia na wasaidizi sita, na kwa kuwa chumba kilikuwa cha watu wawili, wasaidizi wanne walisimama juu ya vitanda.

Alianza na ndoo. Bi Sikudhani alizikumbatia zote tatu, wakazivuta, akavutika nazo hadi mlangoni. Makopo yakaenda. Sufuria ikaenda. Bi Nambua alikaa kitandani kwake akisikiliza, na nitakuwa mwongo nikisema hakutabasamu.

"Hatimaye," alisema.

Kisha mkaguzi akageukia upande wake.

"Hii ni nini?"

"Fimbo yangu."

"Ina miguu mingapi?"

"Fimbo ina miguu mingapi! Mmoja."

"Kitu cha mguu mmoja hakiwezi kusimama chenyewe," alisema Mkaguzi Ngeta, akimwashiria msaidizi aandike. "Kisichosimama chenyewe huanguka. Kinachoanguka hulala njiani. Kinacholala njiani ni kihatarishi. Chukua."

"Mwanangu, mimi sioni. Bila hiyo nitatembeaje?"

"Kwa usalama, Bibi."

Wakachukua fimbo. Wakachukua ndala za wote wawili, kwa sababu ndala huteleza. Wakachukua kigoda cha kuogea, pazia lililowasitiri wakivaa, mkeka wa kuswalia wa Bi Sikudhani, na birika. Walipokaribia miwani yangu nilitoka nje.

Jioni ile vihatarishi vyote vya Makao vilipelekwa kwenye ukumbi wa zamani wa chakula, uliogeuzwa kuwa Ghala la Vihatarishi, na mimi nikateuliwa kuwa mtunza ufunguo. Niliapishwa. Nilisimama bendera ikipandishwa, nikaapa kuwalinda wazee dhidi ya fimbo zao.

Lakini MATASAHU haikuwa mamlaka ya kuchukua tu. Kesho yake ilileta. Chumba namba nne kilipokea kabati la chuma lenye nakala kumi na mbili za Kanuni za Sakafu Huru, zilizokuwa arobaini na tatu, na kwa kukosa nafasi kabati hilo liliwekwa mbele ya dirisha. Kikaingia kikasha cha fomu. Ukaingia ubao mzito wa JIHADHARI USIJIKWAE, wenye nguzo ya chuma na miguu mitatu iliyotandazwa, ukasimamishwa katikati ya njia ya kwenda chooni ili usionekane kwa bahati mbaya tu bali kwa hakika. Kitambaa kirefu cha kauli mbiu kikafungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mwisho ikaja picha ya Kiongozi Mkuu, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Ilikaa juu ya stendi ya mbao, ikitazama vitanda.

Bi Nambua alinyoosha mkono, akagusa kabati.

"Dirisha liko wapi?"

"Nyuma ya Kanuni," nilimjibu.

"Kwa hiyo sasa ni giza kabisa."

"Ndiyo, Bibi."

"Na balbu?"

Nilimweleza kwamba suala la balbu lilikuwa chini ya mamlaka nyingine, ambayo ilikuwa bado haijaundwa.

*

Siku tatu Bi Nambua hakutoka kitandani. Alikataa chai ili asibanwe na haja. Siku ya tatu nilipopita na daftari la mahudhurio nilimsikia Bi Sikudhani akimsemesha, na nikasimama, kwa sababu sauti haikuwa ya kugombana. Ilikuwa ya mtu anayegombana na nafsi yake.

"Utakufa kwa kiu, halafu watasema nimekuua mimi."

"Niache."

"Inuka. Shika bega langu."

"Nishike bega lako? Wewe uliyenipasua mdomo?"

"Sufuria ilikupasua mdomo. Mimi nina bega. Shika, ama jikojolee, shauri yako."

Kisha nikasikia kitanda kikilia.

Tangu siku hiyo walikwenda pamoja. Bi Sikudhani alitangulia akipapasa kwa miguu mitupu, Bi Nambua akafuata mkono begani, wakihesabu kwa sauti: hatua nne mpaka kikasha, kata kulia, hatua mbili mpaka mguu wa ubao, inama chini ya kitambaa, hatua tatu, mlango. Njiani walitukanana. Sijui kama kuna kanuni ambayo hawakuitukana.

Nilimsikia Bi Sikudhani akisema, "Miaka thelathini nimepakulia watoto mia nne kwa siku. Sakafu ya jiko langu ungeweza kulala juu yake. Nilipokuja huku, nikaona chumba hiki hakina hata rafu moja, nikasema basi, nitaweka chini. Ningeweka wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Ulinisalimia kwa matusi."

Bi Nambua alimpiga begani, polepole, mara mbili.

*

Alhamisi ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, Bi Sikudhani alikwenda chooni peke yake. Mwenzake alikuwa amelala na hakutaka kumwamsha. Alihesabu vizuri hadi hatua ya sita. Ila asubuhi ile wasaidizi wa mkaguzi walikuwa wamepita na kuusogeza ubao wa JIHADHARI USIJIKWAE shubiri moja, ili uonekane vizuri zaidi. Akajikwaa.

Nilifika nikamkuta chini, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa akipiga kelele hadi sauti ikakatika, akabaki kuhema tu. Matroni Eufrazia akakimbilia simu kuita gari la wagonjwa. Wakamwambia ajaze fomu. Fomu iliuliza: Aina ya ajali. Na Kanuni ya kwanza ilikuwa imeshatamka kwamba, kuanzia tarehe ya kuundwa kwa MATASAHU, hakuna ajali katika makao yoyote ya wazee nchini.

Mkaguzi Ngeta akaja mbio na filimbi.

"Bi Sikudhani ameanguka," alisema Matroni.

"Hakuna aliyeanguka," alisema mkaguzi. "Huku ni kushuka kusikoratibiwa. Bibi, hebu nieleze, ulishuka mwenyewe au ulishushwa?"

Bi Sikudhani alimtukana tusi la jikoni ambalo sitaliandika.

"Ameshuka mwenyewe," mkaguzi akaandika. Akaondoka kwenda kuuliza makao makuu kama mtu aliyeshuka anaweza kupewa gari.

Hapo Bi Nambua akashuka kitandani. Alikuja kwa magoti, akipapasa, hadi akamfikia mwenzake. Vidole vyake vilipita juu ya ule mkono kama vya mtu anayesoma.

"Mfupa umekatika, ngozi haijatoboka. Sikudhani, nisikilize. Nitauvuta. Utanichukia."

"Nakuchukia tayari."

"Vizuri. Karani, nipe vipande viwili vya mbao, virefu kama mkono wake. Na kitambaa."

Nilitazama huku na huku. Kila kitu cha mbao kilikuwa ghalani, na kwenda huko kulihitaji kibali cha sahihi mbili. Chumbani mlikuwa na kitu kimoja tu cha mbao. Nilikiangalia, nikakaa kimya. Mimi ni mtumishi wa umma.

Bi Nambua hakuona, lakini alisikia kimya changu. Akanyoosha mkono, akapapasa, akaushika mguu wa stendi.

"Hii ni nini?"

"Bibi, hiyo ni stendi ya Kiongozi Mkuu."

"Ni mbao?"

"Ni mbao."

Akainuka. Alimshusha Kiongozi Mkuu kwa adabu, akamlaza chali kitandani kwake, kisha akaikanyaga ile stendi hadi ikavunjika. Akang'oa kitambaa cha kauli mbiu, akakichana kwa meno. Nilishika bega la Bi Sikudhani kama nilivyoagizwa. Bi Nambua akavuta. Mlio wa mfupa ule ninao masikioni mpaka leo. Alipomaliza, mkono ulikuwa umenyooka, umefungwa kwa mbao mbili za serikali na maneno SAKAFU HU.

Kisha wote wawili wakakaa sakafuni, wameegemeana, jasho likiwatoka, na ilikuwa Bi Nambua aliyelia.

*

Makao makuu yalijibu haraka safari hii. Kuhusu gari hawakusema neno. Kuhusu stendi walikuja wenyewe.

Baraza la Nidhamu lilikaa chumbani namba nne, mahali pa tukio, na Dakta Tandaza akaliongoza. Waliingiza meza, viti saba, jagi la maji na kipaza sauti chenye waya mrefu, ingawa mshtakiwa alikuwa hatua moja kutoka kwa hakimu wake. Mashtaka yalikuwa mawili: kuharibu kifaa cha usalama wa taifa, na kumlaza Kiongozi Mkuu.

"Mshtakiwa," ilinguruma sauti ya Dakta Tandaza kwenye kipaza sauti, "unakiri kwamba ulivunja stendi?"

"Nilivunja."

"Kwa nia gani?"

"Ya kufunga mkono wa mtu."

"Mkono huo ulikuwa umepata ajali?"

"Ndiyo."

"Ajali hazipo, Bibi! Kwa hiyo mkono ulikuwa mzima, na wewe ulivunja stendi bila sababu. Umejimaliza kwa ulimi wako."

"Njoo uushike huo mkono mzima," alisema Bi Nambua. "Nimezalisha wanawake kwenye mashamba, mvua ikininyeshea, bila taa, na mkono wangu haukuwahi kupoteza mtoto kwa sababu ya upuuzi. Ninyi mmekaa saba, mna maji, mna waya. Niliomba balbu. Niliomba chuma cha chooni. Nani kati yenu alisoma barua yangu?"

Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameisoma, ila wote walikuwa wamehudhuria semina juu yake.

Hukumu ilikuwa kwamba mshtakiwa aiombe radhi stendi. Akakataa. Ndipo katibu akakumbusha kwamba mabaki ya stendi ni kielelezo na yanapaswa kuhifadhiwa chini ya kufuli. Mkaguzi Ngeta akamsogelea Bi Sikudhani ayafungue.

"Gusa," alisema Bi Sikudhani, "uone mkono wa kushoto unavyofanya kazi."

Mkaguzi akarudi nyuma. Wakajadiliana nusu saa. Kielelezo kilikuwa kwenye mkono, mkono ulikuwa kwa Bi Sikudhani. Wakaamua kwamba Bi Sikudhani mzima apelekwe Ghala la Vihatarishi akahifadhiwe pamoja na kielelezo, na Bi Nambua aende naye mpaka atakapoomba radhi. Nikawapeleka mimi, mwenye ufunguo. Vitanda vyao vikatufuata.

*

Ukumbi wa zamani wa chakula ulikuwa na madirisha manane. Bi Nambua aliposimama mlangoni aligeuza uso kulia na kushoto.

"Mwanga," alisema.

Siku ile ile walianza kazi. Bi Sikudhani, mkono kifuani, aliamuru kama yuko jikoni kwake, Bi Nambua alitembea kwa fimbo, ile ile yake tuliyoipata kwenye rundo, na kila alipogonga kitu alisema "Ukutani!" nami nikakipeleka ukutani. Mbao chakavu tukazigeuza rafu. Tukafunga kamba ya katani ukutani kutoka vitandani hadi chooni, mtu aifuate kwa mkono. Kilichokuwa kizito kikakaa chini, chepesi juu, na katikati ya ukumbi hapakubaki hata kijiko.

Nilikuwa na wajibu wa kutoa taarifa. Nilitoa. Niliandika kwamba vihatarishi viko mahali pake.

Wazee wengine wakasikia. Kwanza alikuja Mzee Lukumbo, fundi chuma wa zamani wa reli, aliyekuwa akitambaa tangu wachukue magongo yake. Alipiga kabati la Kanuni teke, akakaa chini kusubiri kushtakiwa. Kesho yake vikongwe wawili walichana fomu. Wiki ile makosa ya jinai yaliongezeka kwa kiasi ambacho Utulivuni haikuwahi kukishuhudia, na mwisho wa mwezi wazee wote ishirini na watatu walikuwa wafungwa wa ghala langu, kila mmoja na fimbo yake, ndala zake, birika lake. Hakuna aliyeanguka. Hakuna hata aliyeshuka.

Vyumba vikabaki na makabati, mbao za JIHADHARI, vikasha na picha. Mkaguzi Ngeta alivikagua kila siku. Taarifa yake ya robo mwaka ilisema matukio yamefikia sifuri, na Dakta Tandaza akaialika dunia ije ionje mafanikio.

*

Ulikuja ujumbe wa wageni kutoka nchi jirani, ambazo zipo. Asubuhi ile Dakta Tandaza aliniita kando.

"Ghala umelifunga?"

"Halifungwi mchana, Mheshimiwa. Wazee hutoka kuota jua."

"Lifunge. Na ufunguo ukae mfukoni."

Nikalifunga. Niliwaona kupitia dirishani wakinitazama. Bi Nambua hakunitazama, kwa vile hawezi, lakini alikuwa amegeuza uso upande wangu hasa.

Wageni wakapitishwa chumba hadi chumba. Waliona sakafu na mabango. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja daktari wa mifupa, Dakta Perusi, mwanamke mkavu asiyepiga makofi.

"Vizuri," alisema tulipofika namba nne, akichungulia gizani. "Wazee wako wapi?"

"Wanapumzika," alijibu Dakta Tandaza.

Hapo zikaanza kusikika fimbo. Zilianza mbili, kisha kumi, kisha zote, zikigonga mlango wa ghala kwa mpigo mmoja, hata vioo vya korido vikatetema.

"Na hizo ni nini?"

"Panya," alisema Dakta Tandaza.

Sikuwahi kuwa mtu jasiri, na sitaki msomaji anidhanie. Lakini nilizinakili Kanuni zote arobaini na tatu kwa mkono, na nilijua ya kumi na tisa inasema hivi: mlango wowote wenye watu ndani usizuiwe kwa namna yoyote. Nikatoa ufunguo, nikaenda nikafungua. Nilitekeleza kanuni, basi.

Walitoka kwa mstari. Wageni wakajibana ukutani kuwapisha. Bi Sikudhani alipopita, Dakta Perusi alimsimamisha, akaugusa ule mkono juu na chini.

"Nani aliunga mfupa huu?"

"Yule kipofu. Mkali sana. Usimsogelee."

"Ameunga vizuri kuliko hospitali yangu. Lakini twende tukaupige picha leo. Gari langu liko nje." Akamgeukia Dakta Tandaza. "Huyu alianguka wapi?"

"Hakuanguka," alisema Mheshimiwa. "Ali… alishuka."

"Nilianguka!" Bi Sikudhani alipaza sauti korido nzima ikasikia. "Nilianguka juu ya ubao wenu wa usianguke!"

Bi Nambua alikuwa ameshaingia chumbani. Fimbo yake ilipata ubao. Akaushika kwa mikono miwili, akauburuta hadi mlangoni, akausukuma nje, ukaanguka miguuni kwa wajumbe. Kikafuata kikasha. Mzee Lukumbo na wengine wakasaidia kabati. Zilipotoka Kanuni, jua likaingia. Mkaguzi Ngeta alipuliza filimbi mfululizo, na kila aliyesikia alidhani anaongoza kazi.

*

Taarifa rasmi ilieleza kwamba siku ile MATASAHU ilizindua Awamu ya Pili, ya kuondoa vihatarishi vilivyoletwa na watu wasiojulikana. Dakta Tandaza alivishwa nishani. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kufungua mlango na barua ya pongezi kwa kuzingatia kanuni, zote kwa tarehe moja.

Wazee walirudi vyumbani na vitu vyao. Mzee Lukumbo aliikata ile nguzo ya ubao, akaichimbia ukutani chooni namba nne. Hata mtu mnene anaweza kuning'inia hapo. Balbu niliifungua ofisini kwa Mkaguzi Ngeta, ambaye ana madirisha mawili. Kabati la Kanuni alipewa Bi Sikudhani, aliyerejea na plasta nyeupe mkononi, na siku ya kwanza walibishana hadi saa ya chakula.

"Ndoo moja," alisema Bi Nambua.

"Mbili."

"Moja, na ikae ndani ya kabati."

"Mbili, na nitakuchotea maji."

Wakakubaliana mbili.

Baada ya mwezi Dakta Tandaza alikuja na wapiga picha kukabidhi Cheti cha Sakafu Huru. Kilikuwa kikubwa kama meza, ndani ya fremu ya kioo, na alikibeba mwenyewe, nishani kifuani. Alisimama mlangoni mwa namba nne akatoa hotuba fupi, ya dakika ishirini. Wanawake wawili walimsikiliza, mmoja ameshika bega la mwenzake, fimbo mkononi. Walikuwa wanakwenda kuota jua.

"Na sasa," alimaliza, "mngependa nikiweke wapi?"

Bi Sikudhani alitazama ukutani, akatazama sakafuni, akatikisa kichwa. Wapiga picha wakasubiri. Mikono ya Mheshimiwa ilianza kuchoka, na kioo kikaanza kuinama.

"Bado yupo hapo?" Bi Nambua aliuliza.

"Yupo."

Bi Nambua akanyoosha fimbo, akamgusa Mkurugenzi Mkuu kifuani, taratibu, jinsi alivyogusa kila kitu asichokijua.

"Baba," alisema, "umeziba njia."